Kocha Dean Smith wa North Carolina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu Dean Smith, aliyeifundisha timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, Marekani, tangu 1961 hadi 1997. Maswali ya maisha yake tumeyajibu kwa kifupi. Yale ya ufundi tumeyapa nafasi kubwa, kwa kuwa wanaouliza zaidi ni makocha wa shule na vilabu wanaotaka kujua mambo yake yalifanywaje hasa.

Alitokea wapi?

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1931 mjini Emporia, jimbo la Kansas. Baba na mama walikuwa walimu. Baba yake, Alfred, alifundisha pia timu ya sekondari ya Emporia, na katika msimu wa 1933/34 alimweka kikosini Paul Terry, kijana mweusi, wakati timu za jimbo hilo zilikuwa za weupe watupu.

Dean alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Kansas na kuchezea timu iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1952. Alikuwa mchezaji wa akiba. Kocha wake alikuwa Phog Allen, ambaye naye ujanani alicheza chini ya James Naismith, mtu aliyeubuni mchezo wenyewe. Kwa hiyo kati ya Smith na mwanzo wa mpira wa kikapu kuna mtu mmoja tu. Baada ya chuo alitumikia jeshi la anga, akawa kocha msaidizi wa Bob Spear katika chuo cha jeshi hilo huko Colorado. Mwaka 1958 Frank McGuire alimchukua North Carolina kuwa msaidizi wake. McGuire huyo ndiye aliyekuwa kocha wa St. John's, timu iliyofungwa na Kansas kwenye fainali ya 1952.

Alipewaje timu kubwa akiwa na miaka 30?

Alipewa timu ikiwa mgonjwa. North Carolina ilikuwa imeadhibiwa kwa makosa ya usajili, na kashfa ya kupanga matokeo ilikuwa imeukumba mpira wa vyuo vya jimbo hilo. McGuire aliondoka kiangazi cha 1961 kwenda kuifundisha Philadelphia Warriors ya Wilt Chamberlain. Mkuu wa chuo, William Aycock, hakutafuta jina kubwa. Alitaka mtu safi, akamteua msaidizi. Ratiba ilipunguzwa hadi mechi 17: Smith akashinda 8, akapoteza 9. Huo ndio msimu pekee katika 36 ambao vipigo vilizidi ushindi.

Januari 1965, timu ilipotoka kufungwa na Wake Forest, basi lilifika chuoni na kukuta wanafunzi wamening'iniza sanamu ya matambara ya kocha. Billy Cunningham, nyota wa timu, alishuka akaing'oa kwa mikono yake. Miaka miwili baadaye, 1967, timu ilikuwa nusu fainali ya taifa, na ikarudi huko 1968 na 1969.

Takwimu zake ni zipi hasa?

Ushindi 879, vipigo 254. Ubingwa wa taifa mara 2 (1982 na 1993). Nusu fainali za taifa mara 11. Ubingwa wa mashindano ya ACC, ligi ya vyuo ambayo North Carolina inacheza, mara 13. Misimu 27 mfululizo yenye ushindi wa mechi 20 au zaidi. Mashindano ya taifa mara 23 mfululizo, 1975 hadi 1997. Alipostaafu hakuna kocha wa daraja la kwanza la vyuo aliyekuwa na ushindi mwingi kuliko yeye: Machi 1997, kwa kuifunga Colorado, aliipita rekodi ya Adolph Rupp ya 876. Baadaye Bob Knight alimpita, kisha Mike Krzyzewski wa Duke.

Kwa maoni yetu namba inayosema mengi kuliko zote ni nyingine: zaidi ya asilimia 96 ya wachezaji wake walihitimu shahada.

"Pembe Nne" ilichezwaje?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Pembe Nne (Four Corners) ni mbinu yake ya kuushikilia mpira timu ikiwa mbele. Siku hizo vyuoni hapakuwa na saa ya shambulizi, ile inayoilazimisha timu kutupa mpira kikapuni ndani ya sekunde fulani, kwa hiyo timu iliyokuwa mbele ingeweza kukaa na mpira dakika nyingi. Kukaa na mpira hakukuwa jambo geni. Smith alilolifanya ni kukugeuza kuwa shambulizi.

Mpangilio ni huu. Nusu ya uwanja wa chuo ina urefu wa mita 14 na ushei na upana wa mita 15 na ushei. Wachezaji wawili wanasimama karibu na mstari wa kati, kila mmoja upande wake, futi chache kutoka mstari wa pembeni. Wawili warefu wanasimama kwenye pembe za chini, karibu na mstari wa mwisho. Pointi gadi, yaani mchezaji anayeongoza shambulizi, anabaki peke yake katikati, na mpira mkononi.

Kisha anamshambulia mlinzi wake kwa dribo, yaani kwa kudundisha mpira. Akimpita, mlinzi wa pembeni ana njia mbili, zote mbaya. Akija kusaidia, pembe yake iko wazi na pasi inamfikia mrefu anayekimbilia kikapuni. Akibaki na mtu wake, pointi gadi anaenda kufunga au anafanyiwa faulo. Asipompita, anampa mpira mtu wa pembe ya juu, anatoka, anaupokea tena, wanaanza upya. Wakati wote huo saa inakwenda, na anayehangaika ni yule aliye nyuma.

Phil Ford, aliyecheza 1974 hadi 1978, ndiye aliyeuendesha vizuri kuliko wote. Alikuwa na kasi, alipiga mitupo huru (ile inayotolewa baada ya faulo) kwa uhakika, na hakusimamisha dribo bila sababu.

Ilikuwa inaharibika wapi?

Kwanza, watu wa pembe kuchoka kusimama na kusogea ndani hatua kwa hatua. Kila mita wanayoingia inamsogezea pointi gadi mlinzi mwingine. Makocha wanaoijaribu leo hukwama hapa kabla ya popote, na dawa yake ni kubandika utepe sakafuni mazoezini mpaka miguu izoee.

Pili, kuwaacha uwanjani wasiojua kupiga mitupo huru. Mpinzani aliye nyuma hana njia ila faulo, na atamchagua aliye dhaifu.

Tatu, kuianza wakati mbaya. Fainali ya 1977 dhidi ya Marquette mjini Atlanta ndiyo somo. Carolina walikuwa wametoka nyuma kwa pointi 12, wakasawazisha 45 kwa 45, upepo wote ukiwa upande wao. Smith akaita Pembe Nne. Marquette hawakutoka kuwafuata, walikaa kwenye zoni yao, ulinzi ambao kila mtu analinda eneo badala ya mchezaji, na kupumua. Ford alikuwa akicheza na kiwiko kilichoumia. Joto la Carolina likapoa, wakafungwa 67 kwa 59. Mbinu hii inamkaba anayelazimika kukufuata. Mkiwa sare, mpinzani halazimiki.

Ni kweli saa ya shambulizi iliwekwa kwa sababu yake?

Si yeye peke yake, lakini mchango wake ni mkubwa. Fainali ya ACC ya 1982 dhidi ya Virginia ya Ralph Sampson iliisha 47 kwa 45 baada ya Carolina kuushikilia mpira kwa dakika kadhaa, mbele ya watazamaji wa televisheni wa nchi nzima. Msimu uliofuata ACC ilijaribu saa ya sekunde 30, na kuanzia msimu wa 1985/86 vyuo vyote vya wanaume vikawekewa sekunde 45. Leo ni sekunde 30. Timu za Smith ziliendelea kushinda na saa hiyo, jambo ambalo wanaomwita kocha wa kupoteza muda hulisahau.

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, za sekunde 24, Pembe Nne inafaa mwisho wa robo tu: mpira ni wenu, saa ya mchezo imebaki chini ya sekunde 24, na mnataka mtupo mmoja wa mwisho.

Ishara ya ngumi ilikuwa na kanuni gani?

Mchezaji aliyechoka alimnyooshea kocha ngumi, akatolewa. Watu wengi wanaishia hapo, na ndiyo maana kwao haifanyi kazi. Kanuni ilikuwa na sehemu ya pili: aliyejitoa mwenyewe ndiye aliyeamua arudi lini. Akishapumua, anasema yuko tayari, anarudishwa. Lakini ikiwa kocha ndiye aliyegundua kwamba umechoka na hukusema, basi kocha ndiye angeamua urudi lini.

Ukiangalia kwa makini utaona imejengwa juu ya hofu ya kila mchezaji, kwamba akitoka nafasi inaliwa. Smith aliiondoa hofu hiyo, hata kujificha kukawa na hasara kuliko kusema. Matokeo yake ni kwamba waliokuwa uwanjani waliweza kukaba kwa nguvu zote, bila kujitunzia pumzi. Kocha akiichukua ngumi na kuacha haki ya kurudi, baada ya mechi mbili hakuna atakayeinyoosha.

Sambamba na hiyo alikuwa na kikosi cha akiba kilichoitwa Timu ya Bluu: wachezaji watano walioingia pamoja kipindi cha kwanza kwa dakika chache, wakabe na kukimbia bila kuhesabu makosa. Wenye namba walipumzika, na wa benchi walijua dakika zao zipo.

Kwa nini wachezaji wake walinyoosha kidole baada ya kufunga?

Walimnyooshea aliyetoa pasi. Wazo lilitoka kwa John Wooden wa UCLA, aliyewataka wafungaji wake wamshukuru mtoa pasi kwa kumkonyeza au kumpa ishara ya kichwa. Smith alitaka ishara ambayo watu wa jukwaani nao wangeiona, ili nao wampigie makofi mtoa pasi. Leo utaiona kwenye viwanja vya dunia nzima, na wengi wanaoifanya hawajui ilikotoka.

Benchi zima lilisimama kumpokea kila anayetoka. Kabla ya mtupo huru wachezaji walikusanyika vichwa pamoja kupanga ulinzi unaofuata. Mechi ya mwisho ya nyumbani, waliokuwa mwaka wa mwisho ndio walioanza, hata yule ambaye msimu mzima alikuwa hajapata dakika kumi.

Alipimaje timu kabla ya kompyuta?

Kwa kalamu na karatasi, tangu alipokuwa na Spear miaka ya 1950: pointi kwa kila zamu ya kushika mpira. Mtu wa hisabati aliona kwamba jumla ya pointi inadanganya, kwa sababu timu ya taratibu hupata zamu chache.

Chukua mfano wa kubuni. Timu ya kwanza imeruhusu pointi 55 katika zamu 50. Hiyo ni 1.10 kwa zamu. Ya pili imeruhusu 72 katika zamu 80. Hiyo ni 0.90. Gazeti litasema ya kwanza ndiyo yenye ulinzi bora, kumbe ni kinyume chake.

Kufanya hivyo unahitaji mtu mmoja benchini na karatasi yenye safu mbili. Kila zamu inapoisha anaandika 0, 1, 2 au 3, na herufi P kama mpira ulipotea bila mtupo. Mapumziko anajumlisha na kugawanya. Safu ya P pekee itakuonyesha mengi, maana zamu iliyopotea haina hata nafasi ya ribaundi, yaani kuokota mpira wa mtupo uliokosa.

Angalizo moja: kwa Smith zamu iliisha mtupo unapopigwa, hata kama timu ileile iliokota ribaundi, hapo ilianza zamu mpya. Wachambuzi wa leo huihesabu kuwa zamu ileile. Chagua njia moja ubaki nayo msimu mzima, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti.

Ulinzi wake wa kukimbia na kuruka ukoje?

Ni ulinzi wa mtu kwa mtu wenye mshtuko ndani yake. Mlinzi wa mpira anamlazimisha mwenye dribo aelekee upande mmoja. Mlinzi wa pili, aliye mbele ya njia hiyo, anamwacha mtu wake na kumkimbilia mwenye mpira uso kwa uso, mikono juu. Kazi yake ni kumshtua asimamishe dribo au atupe pasi ya juu juu, ambayo mlinzi wa tatu ameshaanza kuikimbilia. Mlinzi wa kwanza naye hasimami kutazama, anakwenda mara moja kwa mtu aliyeachwa wazi. Wakati mwingine wote wawili wanabaki kumbana.

Kosa la kawaida ni mlinzi wa pili kutoka mapema, mwenye mpira akiwa bado anatazama juu. Anatakiwa atoke wakati mwenye mpira ameinamisha macho au anageuka na mgongo. Kosa la pili ni kuufanya kila mara, kwani mshtuko uliozoeleka haushtui mtu. Smith alibadilisha ulinzi mara nyingi ndani ya mechi moja.

Pointi 8 katika sekunde 17: ilitokeaje?

Ilikuwa tarehe 2 Machi 1974, Chapel Hill. Duke 86, Carolina 78, sekunde 17 zimebaki, na mtupo wa pointi 3 haupo bado kwenye sheria. Bobby Jones alipiga mitupo huru miwili, ikawa 80. Presha ikawekwa palepale kwenye mpira wa kuingiza. Walter Davis aliunasa akampa John Kuester, 82. Duke wakapoteza tena mpira wa kuingiza, na Jones akafunga kwa ribaundi, 84, zikiwa zimebaki kama sekunde 6. Carolina wakafanya faulo mara moja, Duke wakakosa mtupo huru wa kwanza, na kwa sheria ya siku hizo ukikosa wa kwanza hupati wa pili. Ed Stahl akaokota. Taimauti (kusimamisha mchezo kwa ombi la timu), sekunde 3. Pasi ndefu kwa Davis, mtupo wa mbali sana, ukagonga ubao na kuingia. Muda wa nyongeza ukaisha 96 kwa 92.

Watu huita bahati. Mtupo wa Davis ulikuwa na bahati ndani yake, hatukatai. Lakini tazama vilivyotangulia: Smith alizitunza taimauti zake hadi mwisho, jambo alilolifanya kila mechi, na timu ilifanyia mazoezi dakika za mwisho mara kwa mara, kwa kuwekewa saa na matokeo kwenye ubao. Kila mmoja alijua kusimama wapi.

Mazoezi yake yalikuwaje?

Yalipangwa kwa dakika na kuchapwa kwenye karatasi. Kila siku ilikuwa na wazo la siku ambalo kila mchezaji alipaswa kulijua kwa moyo. Akiulizwa akashindwa, timu ikakimbia. Wachezaji wa mwaka wa kwanza walibeba mizigo, hata Michael Jordan.

Kweli aliweza kumzuia Jordan asifikishe wastani wa pointi 20?

Huo ni utani wa zamani, na hauko sawasawa. Jordan alikuwa na wastani wa 13.5 mwaka wa kwanza, 20.0 wa pili na 19.6 wa tatu. Mpira wa vyuo una dakika 40, na timu ya Smith ilimtafuta aliye wazi, awe nani. Katika fainali ya 1982 dhidi ya Georgetown, aliyefunga 28 alikuwa James Worthy. Zikiwa zimebaki sekunde 32, Smith aliita taimauti akijua zoni ya Georgetown itawasonga Worthy na Sam Perkins ndani, hivyo upande wa pili utabaki wazi. Mpira ulihamishwa haraka, Jordan akafunga kutoka kushoto, 63 kwa 62. Fred Brown wa Georgetown kisha akampasia Worthy kwa makosa, mechi ikaisha.

Mwaka 1984 Smith mwenyewe alimshauri Jordan aache chuo mapema aende NBA, kwa sababu wakati wake ulikuwa umefika. Timu ikabaki bila mchezaji bora nchini. Jordan alirudi kumaliza shahada yake.

Na ile ya Chris Webber, 1993?

Ni fainali ya taifa: Carolina 73, Michigan 71, zimebaki sekunde 11. Webber, nyota wa Michigan, alibanwa pembeni na Derrick Phelps na George Lynch, akaita taimauti ambayo timu yake haikuwa nayo. Hiyo ni faulo ya kiufundi, yaani adhabu ya kuvunja sheria bila kumgusa mtu. Donald Williams wa Carolina akapiga mitupo huru, 77 kwa 71. Ule mbano haukuwa wa kubahatisha: alibanwa pembe ambayo mistari miwili inasaidia walinzi.

Alifanya nini kuhusu ubaguzi wa rangi?

Akiwa bado msaidizi, aliingia na mchungaji wake, Robert Seymour, na mwanafunzi mweusi wa theolojia kwenye mgahawa wa Chapel Hill uliokuwa wa weupe tu, ambao timu ilikuwa ikila hapo. Walihudumiwa. Mwaka 1966 alimleta Charlie Scott, mwanamichezo mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa masomo chuoni hapo. Scott alifunga pointi 40 kwenye fainali ya ACC ya 1969 dhidi ya Duke.

Aliwahi kufundisha timu ya taifa?

Ndiyo, Olimpiki ya Montreal 1976, ambako Marekani ilichukua dhahabu kwa kuifunga Yugoslavia 95 kwa 74. Wachezaji wanne walikuwa wake wa Carolina. Wasomaji wa kwetu wanaikumbuka Olimpiki hiyo kwa jambo lingine: Tanzania, Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya kibaguzi.

Je, Hasheem Thabeet alicheza kwake?

Hapana. Thabeet alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut, 2006 hadi 2009, chini ya Jim Calhoun, kocha mwingine wa miaka mingi. Waliocheza kwa Smith wenye asili ya Afrika ni pamoja na Makhtar N'Diaye wa Senegal na Ademola Okulaja, mzaliwa wa Lagos aliyekulia Ujerumani.

Mapungufu yake yalikuwa yapi?

Nusu fainali 11 na ubingwa 2 ni uwiano ambao wakosoaji hawakumwachia. Fainali ya 1977 inabaki kuwa kosa lake. Mwaka 1991, katika nusu fainali dhidi ya Kansas ya Roy Williams, msaidizi wake wa zamani, Smith alitolewa uwanjani kwa faulo mbili za kiufundi.

Aliishiaje?

Alistaafu Oktoba 1997, siku chache kabla ya mazoezi kuanza, na kumwachia Bill Guthridge, msaidizi wake wa miaka 30. Mwaka 2010 familia ilitangaza kuwa ana ugonjwa unaoharibu kumbukumbu. Ulikuwa ugonjwa mkatili kwa mtu aliyekumbuka majina ya watoto na wazazi wa wachezaji wake wa miaka 30 iliyopita. Novemba 2013 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru, na mkewe, Linnea, aliipokea kwa niaba yake. Alifariki tarehe 7 Februari 2015.

Ile habari ya dola 200 ni ya kweli?

Ni ya kweli. Katika wosia wake aliagiza kila mchezaji aliyemfundisha na kupata nembo ya timu (tuzo ya chuo kwa wachezaji wa kikosi) apelekewe hundi ya dola 200. Walikuwa karibu watu 180. Barua zilifika Machi 2015, wiki chache baada ya mazishi, kwa matajiri wa NBA na kwa waliokaa benchi miaka minne, kiasi kilekile kwa wote. Ziliwaambia watoke wakale chakula cha jioni, kocha Dean Smith amelipa.